Shahidi Asiyetetemeka

Asubuhi ya kesi, Theuri alikuwa akinawa uso kwenye karai nje ya nyumba yake, hapo Giakanja, alipoona kwamba mikono yake haitetemeki. Ilikuwa Novemba 1965, matope yamefika hadi mlangoni, na kwa wiki mbili mikono hiyo ilikuwa imeshindwa hata kushika kikombe. Alijifuta, akaingia jikoni. Hofu yake ilikuwa imeketi kwenye kigoda karibu na moto, imevaa koti lake kuukuu la kaki, na Wangechi mkewe alikuwa ameshaipa uji.

"Imetoka saa ngapi?" Theuri aliuliza.

"Nimeamka nikaipata hapa. Ati inasikia baridi." Wangechi akamjazia na yeye kikombe. "Si uende nayo, Baba Wacera?"

"Ya nini? Leo ndiyo siku ya kwenda bila."

Kusema kweli alikuwa na furaha. Kwa miaka minane hofu hiyo ilikuwa imemfunga mdomo. Mwaka wa 1957, mashamba yalipokuwa yakipimwa upya, Theuri alikuwa kibarua wa wapimaji, kazi yake kushika mnyororo. Alimwona kwa macho yake Mutahi, aliyekuwa hedimani wakati huo, yaani mkubwa wa kijiji chini ya chifu, aking'oa vigingi vya shamba la Watiri na kuvipigilia upande wa pili, ili shamba liingie ndani ya lake. "Mwenyewe yuko msituni," Mutahi alisema, "na mtu wa msituni hana shamba." Mume wa Watiri, aliyekwenda kupigana na Wazungu, hakurudi kutoka msituni. Watiri mwenyewe, alipotoka katika kijiji walichofungiwa wakati wa imajensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, alikuta ekari zake nne zina mwenyewe. Sasa Watiri alikuwa ameshtaki, Mutahi alikuwa chifu, na shahidi aliyebaki hai ni Theuri peke yake.

Akaenda. Njiani wanawake waliokuwa wakielekea sokoni walimpisha, mmoja akamwita njamba, jina ambalo watu wa huko humpa shujaa. Theuri alilisikia kama anaitwa mtu mwingine. Kwenye lango la kambi ya chifu, ambako kesi ilisikilizwa, walisimama askari wawili, wale wale waliomwambia wiki iliyotangulia kwamba nyumba ya nyasi huungua upesi. Aliwaamkia vizuri, akapita.

Afisa wa ardhi aliketi mezani na wazee watano. Karani alijaza fomu: jina la shahidi, kijiji, hofu. Alichungulia nyuma ya Theuri, akaandika "haipo".

Theuri alisema yote. Vigingi saba, siku ya Alhamisi, mvua imekatika. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Watiri, kwenye benchi la mbele, alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili, na kila Theuri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kuikaza, maana aliwaona wazee wakitazamana.

"Huyu amelipwa," mzee mmoja alisema. "Ama amekunywa. Mtu hawezi sema maneno kama hiyo mbele ya chifu na jasho haitoki."

"Amefundishwa na huyo mama," Mutahi alisema, akatabasamu.

Theuri alijua kwamba wanakosea, lakini hakuumia. Alimtazama Watiri, akajua anapaswa kumhurumia, akaitafuta huruma asiipate. Ilikuwa imetoka pamoja na hofu.

Afisa alitoa nafasi watu wanywe chai. Nje, karibu na ua wa miiba, hofu ya Theuri ilikuwa imesimama na matope hadi magotini. Ilikuwa imemfuata.

"Rudi," Theuri aliiambia.

"Utatetemeka."

"Najua."

"Na ile maneno ya nyumba kuungua, utaikumbuka."

"Nitaikumbuka. Ingia."

Iliingia mgongoni, jinsi mtu anavyovaa koti lililolowa. Akawaona wale askari wawili, akamkumbuka Wangechi aliye peke yake nyumbani, na almanusura akimbie. Alishikilia nguzo ya ua mpaka kengele ikagongwa. Kisha akarudi ndani, akaomba kusema tena.

Safari hii sauti ilikatika kwenye kigingi cha pili. Kwenye cha nne alilia. Suruali ililowa mbele ya watu aliowajua tangu utotoni, na hakuna aliyecheka. Alimwonyesha Mutahi kwa kidole kilichokuwa kikicheza hewani, akaendelea hadi kigingi cha saba. Karani alifuta neno moja kwenye fomu, akaandika jingine.

"Sasa tumesikia," yule mzee alisema.

Wazee wote watano waliamini. Afisa aliamini. Mutahi alivua kofia, akatazama viatu vyake, wala hakukana.

Afisa alifungua rejista kubwa ya kijani. "Mzee, umesema ukweli," alimwambia Theuri. "Mama, hiyo shamba ilikuwa yako." Watiri akasimama. "Lakini jina ya kwanza ikishaandikwa hapa, sheria inasema haiguswi. Hata kama iliandikwa kwa wizi."

"Si serikali ni yetu sasa?" Watiri aliuliza.

"Ni yetu, mama. Na sheria ni yetu." Akapiga muhuri.

Wiki hiyo Wangechi aliweka ndoo mbili za maji mlangoni, na nyumba haikuungua. Jumatatu iliyofuata kahawa ilikuwa imeiva, na Watiri, ambaye watoto wake hawakuwa na unga, alikwenda kuomba kibarua kwa Mutahi. Nyapara alimpa kapu, akamwonyesha mistari ya chini mteremkoni, mahali ambapo zamani palikuwa na nyumba yake.

Theuri alifika baadaye, akaomba kapu, akaingia mstari uo huo. Kahawa zilimponyoka vidoleni.

"Unaogopa, Baba Wacera?"

"Sana."

"Hata mimi."

Walichuma mpaka saa sita, wakamaliza pale palipokuwa sebule, wakaingia pale palipokuwa jiko, na kahawa yote ikapelekwa kwa Mutahi.