Fomu Niliyoifua

Mimi ni mfuaji. Miaka kumi na tisa nimefua ovaroli za wafanyakazi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na haikuwahi kuharibika karatasi ya mtu mikononi mwangu. Kila nguo napekua mifuko kwanza. Nimetoa vyeti vya hospitali, picha za wachumba, hata jino la mtoto, na vyote viliwarudia wenyewe vikavu. Nalitaja hili mapema ili mzazi mwenzangu ujue kwamba nililolifanya halikuwa bahati mbaya.

Shule niliishia la saba, lakini habari za mtambo nilizisoma kwenye beseni. Maji ya kwanza yakitoka meusi, kazi ipo. Yakiwa ya kijivu, kazi imelegea. Tangu umeme wa jua uanze kuingia, maji yangu yalipauka mwezi hadi mwezi.

"Mama Povu, siku hizi sisi ni kipa wa akiba," msimamizi wa zamu aliniambia akitua furushi la nguo mlangoni. "Tunakaa benchi. Jua likiumia ndipo tunaitwa."

"Na mechi ikiisha?"

"Hapo kila mtu kwao, mama."

Alicheka. Mimi sikucheka, maana binti yangu wa pekee, tunayemwita Cheche, alikuwa kwenye mkanda wa kupandishia makaa, palepale alipofanya kazi marehemu baba yake.

Zikaja siku za mawingu. Wiki tatu jua halikuonekana. Mtambo ukawashwa wote, bomba likafuka moshi mchana kutwa, maji yangu yakawa meusi tii. Nikafurahi, jamani. Watu wanakohoa, mimi nafurahi.

"Unaona?" nikamwambia Cheche. "Walisema unafungwa. Ungefungwa, uchafu huu ungetoka wapi?"

"Mama, tunamalizia makaa yaliyobaki. Mengine hayaji."

"Nani kakwambia?"

"Si mimi ndiye ninayeyapandisha? Nayaona yanavyopungua."

"Nyamaza wewe. Nimeyajua makaa kabla hujazaliwa."

Alhamisi ya wiki ya tatu nikapekua ovaroli yake. Mfuko wa kifuani ulikuwa na fomu iliyokunjwa mara nne. Nikakaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikaisoma polepole. Mafunzo ya ufundi wa sola, miezi tisa, mji wa mbali, malazi bure. Nafasi kumi na mbili kwa watu wa mtambo. Mwisho wa kupokea fomu ni kesho yake saa sita mchana. Jina lake lilikuwapo, sahihi yake, na mhuri wa msimamizi. Hakuwa ameniambia. Alijua nitalia.

Nikakiona chumba bila yeye. Nikamwona juu ya paa la watu, umeme umemnasa. Nikayatazama yale maji meusi, nikajiambia: kazi si hii hapa, mtoto anatafuta nini huko? Nikairudisha fomu mfukoni, nikafunga kifungo, nikaizamisha ovaroli. Nikafikicha hapohapo kifuani.

Jioni alitia mkono mfukoni, akatoa donge la karatasi. Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, nasubiri aniulize tu.

"Kosa langu, mama," akasema. "Niliisahau humo. Usijilaumu, una nguo nyingi."

Mtoto akaniomba radhi mimi!

Asubuhi alikwenda kuomba fomu nyingine, zikawa zimekwisha. Wenzake wakamtania: "Mama Povu kazeeka, sasa anafua hadi vyeti!" Akawajibu, "Mama yangu mwacheni. Kosa ni langu." Haya alinisimulia msimamizi, akinisifu kwa kulea mtoto mwenye adabu. Nilitamani ardhi inimeze.

Makaa yaliisha mwezi uliofuata. Mtambo ukazimwa, wakabaki walinzi wawili getini. Cheche akaja kukaa nami kwenye beseni.

Wale kumi na wawili waliporudi na ufundi wao, walipewa kazi kwenye uwanja wa paneli, nje kidogo ya mji wetu. Nguo zao wakatuletea sisi. Zina vumbi tu. Siku ya kwanza Cheche alipekua kila mfuko mara mbili, akazipanga karatasi zao dirishani.

"Nisije nikamfanyia mtu kosa kama langu," akasema.

Hapo nikashindwa.

"Cheche, ile fomu niliiona."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Hadi mwisho?"

"Hadi mwisho, mwanangu."

Aliikamua nguo aliyoishika, akaianika, akaibana kwa vibanio viwili, akaingia ndani.

Nawaandikia wazazi wenzangu mnaotia hofu zenu mifukoni mwa watoto. Mtoto akikwambia makaa yanapungua, msikilize, ndiye anayeyapandisha.

Hajanitukana, wala hajahama. Asubuhi ananiamkia, mchana ananipakulia chakula. Ila amenunua beseni dogo la bluu, ameliweka upande wake wa ua. Nguo zake anafua mwenyewe.