Wageni Wasiotaka Kitu

Hotuba ya kukaribisha wageni Chiriku alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka kioo chenyewe kingeweza kuisema. Meli ilikuwa ya kitalii, ya familia, na ghorofa yake ya juu kabisa ilitengwa kwa wageni maalumu: wanaopanda bila kupanga foleni, wenye sebule yao ya kunywea kahawa, wenye viti vya mbele kwenye maonyesho ya jioni, wanaochagua mto wa kulalia kama mtu anayechagua parachichi sokoni, kwa kuminya kwanza. Na juu ya yote hayo, kila familia ilipewa mhudumu wake. Safari hii, kwa mara ya kwanza, mmoja wa wahudumu hao alikuwa yeye.

"Karibuni sana," alisema mlangoni, mikono kaikunja mbele kama alivyofundishwa. "Chochote mtakachotaka, wakati wowote, bonyezeni kengele hii. Mimi ndiye mhudumu wenu."

Mkubwa wa familia, mama mwenye mabega mapana aliyestaafu upishi wa shule ya bweni, alimtazama kwa huruma.

"Ahsante, mwanangu. Na wewe ukitaka chochote usione haya. Tupo humu humu."

Walikuwa wanne. Huyo Bibi, mwanawe, aliyeitwa Fundi na kila mtu kwa sababu alitengeneza majokofu, mke wa Fundi, mpole kiasi cha kuuomba radhi mlango akiugonga, na binti yao Kijino, aliyebakiwa na jino moja la mbele na maneno mengi. Safari walilipiwa na mtoto mkubwa wa Bibi, anayeishi mbali, ili mama apumzike. Hakutaka mchezo, akalipia ghorofa ya juu. Alichosahau kulipia ni mtu wa kumfundisha mama yake kupumzika.

Asubuhi ya kwanza Chiriku aliingia na kahawa akakuta vitanda vimetandikwa, shuka zimekazwa kama ngozi ya ngoma. Bafu limefutwa. Taulo zilizotumika zimekunjwa na kupangwa mlangoni, ndogo juu ya kubwa. Jioni iliyotangulia alikuwa amehangaika kukunja taulo moja ikawa tembo, mkonga juu, akamweka kitandani kwa Bibi. Tembo hakuwepo.

"Nilimkunjua," alisema Bibi. "Niliona amekaa vibaya, maskini, shingo kaipinda. Nikasema na yeye alale."

"Bibi, kutandika ni kazi yangu."

"Ndiyo maana nikakupunguzia."

Alipouliza wangependa kula nini, mke wa Fundi alisema wameshiba. Alipouliza kama wangependa matunda, Fundi alisema wameshiba sana. Kijino alifungua mdomo, jino likaonekana, na kabla neno halijatoka mama yake alimfinya kidogo kwenye kiwiko.

"Na yeye ameshiba," mama akasema. "Samahani kwa usumbufu."

Kwenye sebule ya wageni maalumu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Bibi hakuweza kukaa mahali palipo na vikombe vichafu. Alianza kwa kusogeza kimoja, akaendelea na kingine, na muda si mrefu alikuwa na sinia mkononi. Bwana mmoja aliyekuwa akisoma gazeti hakuinua hata macho: "Chai, tafadhali. Sukari kidogo." Bibi alimletea chai yenye sukari ya kutosha, akamwambia sukari kidogo ni ya wagonjwa. Yule bwana alionja, akakunja gazeti, akaomba kikombe cha pili.

Mtu mwingine angecheka. Chiriku hakuweza, kwa sababu kulikuwa na Kidole.

Kidole ndiye msimamizi wa ghorofa, na jina hilo halikusemwa mbele yake. Lilitokana na kidole chake cha shahada, alichokipitisha juu ya kila rafu kutafuta vumbi, na kama halipo alikitazama kidole kana kwamba kimemdanganya. Kila asubuhi aliwakusanya wahudumu katika kijichumba chao kilichojaa mashuka na majagi, akauliza swali lile lile:

"Mmeombwa nini?"

Kwake yeye, mgeni asiyeomba kitu ni mgeni aliyepuuzwa. Na wahudumu walijibu kwa fahari, kama wavuvi wanaopimana samaki kwa urefu wa mikono.

"Wangu wametaka barafu ya mviringo," alisema Komando, mhudumu wa chumba cha jirani, mwenye miaka mingi kazini na kifua mbele. "Ya pembe nne inamtisha mtoto."

"Vizuri. Na wewe, Chiriku?"

"Bado, bosi."

"Bado nini?"

"Bado hawajaomba."

"Hata mto?"

"Wamesema iliyopo inatosha. Bibi amesema hata ni mingi, mmoja angependa nimpelekee mwenye shida."

Wenzake waliinamia mashuka, mabega yakitikisika. Kidole hakucheka. "Safari hii ni ya majaribio kwako, unajua. Tukirudi bandarini bado ninasikia hiyo 'bado' yako, utarudi chini, dobi, kufua mashuka."

Huko dobi Chiriku alikujua. Si kazi iliyomtisha. Mikono yake ilikuwa imeshazoea sabuni. Ila watu wa dobi walikaa melini miezi nenda miezi rudi. Meli ikitia nanga nyumbani ndipo mashuka machafu yanapokuwa mlima, na wao hawashuki. Wa ghorofa ya juu walishuka kila safari ilipoisha, wakalala makwao. Chiriku alikuwa na mtoto, mvulana mdogo, aliyemwacha kwa mama yake mzazi. Mara ya mwisho alipotoka dobi na kufika nyumbani, mtoto alijificha nyuma ya sketi ya bibi yake, akachungulia, akauliza kwa adabu zote: "Huyu shangazi atalala hapa?"

Basi siku ya pili aliwabembeleza wageni wake kama mtu anayeuza vitumbua vilivyopoa. Akawaeleza kuhusu bwawa tulivu la watu wazima, chumba cha michezo ya watoto, mito ya manyoya na mito ya ngano... hapana, ya pumba za nafaka, alijisahihisha, hata yeye hakuwa na hakika. Akawaonyesha magauni mazito meupe ya kuvaa baada ya kuoga. Fundi alilijaribu moja, akajitazama, akasema anafanana na jokofu, akalivua.

"Hamna hata kitu kimoja?" Chiriku aliuliza, na sauti ikamponyoka ikawa ya kuomba.

"Mwanangu," Bibi akasema, "sisi si watu wa kusumbua watu. Kapumzike."

Siku ya tatu asubuhi kengele ililia.

Chiriku alikimbia. Komando alimpisha ukutani, majagi yakagongana. Alifika mlangoni akihema, akajipangusa uso, akaingia na tabasamu lote alilokuwa amelihifadhi.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Amevaa viatu vya kazi, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko, na kiunoni amejifunga kitambaa kwa fundo la mtu asiyetania. Nyuma yake Fundi na mkewe walikaa ukingoni mwa kitanda kama watoto waliotumwa kwa mwalimu mkuu. Sinia la kifunguakinywa lilikuwa mezani, halijaguswa.

"Haya, mwanangu," alisema Bibi. "Umesema tukitaka kitu tubonyeze. Leo siku ya tatu. Jembe langu liko wapi?"

"Jembe, Bibi?"

"Mgeni siku mbili. Au mama yako hakukufundisha? Nimekula siku mbili, nimelala siku mbili, nimekushukuru. Leo nipe kazi."

"Mama, tulishakwambia huku hakuna mambo hayo," Fundi alisema chini chini.

"Wewe nyamaza, uliyekesha ukisikiliza mlango wa kabati ukilia. Hujalala kwa hamu ya bisibisi."

Fundi alilitazama kabati, maana ilikuwa kweli.

Chiriku alilitazama lile sinia. "Bibi, hujala."

"Nimejaribu." Kwa mara ya kwanza yule mama alionekana mzee kidogo. "Chakula cha siku ya tatu hakishuki, mwanangu. Nimelisha watoto wa watu tangu nikiwa msichana. Sijawahi kukaa mtu mwingine akisimama. Wanangu wanadhani ninaringa. Siringi. Najiona kama mzigo uliosahauliwa kituoni."

Mke wa Fundi alimshika mkono mkwewe. Hakuomba radhi, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Chiriku alirudi kwenye kijichumba cha wahudumu, akamweleza Komando. Komando alicheka mpaka akakalia ndoo. Alipomaliza, alifuta macho, akawa mzito.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mgeni wa ghorofa hii ukimpa kazi na Kidole akaona, hutasubiri bandari. Utarudi dobi leo leo. Mwambie Bibi umeuliza na umekataliwa. Ni uongo mdogo, hauna hata meno."

Ushauri ulikuwa wa busara. Chiriku aliubeba mpaka mlangoni mwa chumba, akasimama nao. Alimfikiria mwanawe nyuma ya ile sketi. Kisha akafikiria sinia lililojaa. Siku mbili nzima alikuwa akiwasihi watu hawa waombe kitu chochote, na sasa wameomba, yeye ndiye aliyekuwa akitafuta namna ya kusema hapana. Alisonya, si kwa mtu, kwa hali yenyewe. Akageuka, akaenda kubeba makapu.

Vitambaa vya meza vilitoka kufuliwa kila asubuhi, na vilikuwa vikikunjwa na wahudumu wakati wowote walioweza kuuiba. Chiriku aliweka makapu mawili kwenye roshani ya chumba, penye upepo na kivuli, akaongeza kitambaa kikubwa cha meza ndefu ya maonyesho.

"Pembe tatu," alisema, "kisha mara mbili ndani."

"Unanifundisha mimi?" Bibi alisema, na sura yote ikafunguka.

Alikunja kitambaa kimoja, cha pili, cha tatu. Alipofika katikati ya kapu la kwanza, alinyoosha mkono bila kutazama, akachukua mkate kwenye sinia, akala. Akachukua yai. Mke wa Fundi alisogeza kiti, akaanza kapu la pili, na polepole mabega yake yakashuka kutoka masikioni. Fundi aliomba bisibisi kwa sauti ya mtu anayeomba maji jangwani. Alipopewa, alijifungia na lile kabati, akasikika akipiga mluzi.

Bibi alijipangusa makombo. "Sasa nimefanya kazi," alisema. "Sasa naweza kudai. Hii chai imepoa. Niletee nyingine, ya moto, na tangawizi."

Chiriku alisimama kidogo kama aliyeitwa jina lake.

"Na mimi nataka aiskrimu," Kijino akasema haraka, akificha viwiko vyote viwili.

"Mpe," alisema mama yake. "Na mimi... samahani... hapana, si samahani. Ningependa mtu akae na huyu mtoto kidogo, nilale. Mchana. Kwenye mto wa manyoya."

Chiriku alikwenda na kurudi mpaka miguu ikawaka. Safari ya tatu au ya nne, akiwa na birika mkononi, aliikuta roshani ina mtu wa ziada. Kidole alikuwa amesimama kizingitini. Alitazama makapu, akatazama kiuno cha Bibi kilichofungwa kitambaa, akatazama miguu ya Fundi iliyochomoza kabatini. Kisha akamtazama Chiriku.

"Hii ni nini?" aliuliza taratibu.

Bibi aliinua uso. Alikuwa ameshika ncha mbili za kile kitambaa kikubwa, na kama ajuavyo kila aliyewahi kukunja shuka peke yake, kilikuwa kikimshinda.

"Wewe baba, umefika wakati mzuri. Shika ncha hizo."

"Mama, mimi ni msimamizi wa..."

"Hongera. Shika ncha."

Kuna sauti ambayo wapishi wa shule za bweni wanayo, na mwanamume aliyewahi kuwa mwanafunzi haisahau. Kidole alishika. Walikunja, wakasogeleana, wakakutanisha ncha, wakarudi nyuma, wakakunja tena, Bibi akimwelekeza kwa kidevu.

"Vuta. Usiogope, hakiumi. Nani alikufundisha kukunja, paka?"

Mikunjo ilipokwisha, Kidole alibaki na kile kitambaa mikononi kama mtoto mchanga. Alisafisha koo.

"Mama, nakuuliza kama msimamizi. Huyu binti anakuhudumia vizuri?"

"Huyu?" Bibi alimtazama Chiriku juu mpaka chini. "Siku mbili nzima alininyima kazi. Nilitaka kukushtakia. Lakini leo amejirekebisha. Leo ndiyo nimekaribishwa."

Kidole alimkabidhi Chiriku kitambaa, akamvuta pembeni.

"Umeombwa nini?"

"Chai ya tangawizi. Aiskrimu. Mto wa manyoya, bisibisi, mtu wa kukaa na mtoto. Na kazi, bosi. Nimeombwa kazi, nikaitoa."

"Komando ameombwa barafu ya mviringo," Kidole alisema. Alifikiri. "Makapu yasionekane kutoka kwenye korido. Na mama huyu asipewe pasi ya moto, akiungua tumekwisha sote." Alianza kuondoka, akageuka. "Tukifika bandarini utashuka na wenzako. Urudi kwa wakati safari ijayo. Sitaki kukutafuta."

Chiriku aliitikia ndiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alasiri, makapu yakiwa matupu na Kijino amegandwa na aiskrimu mashavuni, kengele ililia tena. Bibi alikuwa ameketi kitini, amevaa lile gauni zito jeupe, viatu kavua.

"Miguu," alisema, kidogo kama anayeona aibu, kidogo kama anayeamuru. "Zamani nilikuwa nikisikia kuna watu wanaletewa maji ya moto wakatumbukiza miguu."

Chiriku alileta beseni, akapiga magoti, akaishika miguu ile mipana iliyosimama jikoni maisha yote, akaitumbukiza mmoja mmoja. Alisubiri Bibi aitoe na kusema inatosha, kapumzike mwanangu. Bibi hakuitoa. Alifumba macho, akaegemea.

"Una mtoto wewe," alisema bila kufumbua. "Naona unavyoshika."

"Ninaye, Bibi. Mvulana. Tukitia nanga nitamwona."

"Basi ukifika usikimbilie kufua. Kaa chini, akuletee hata maji. Watoto wanakujua kwa kile unachowaachia wakufanyie." Alichezesha vidole majini. "Ongeza ya moto kidogo."

Chiriku aliongeza.