Kidole Gumba cha Hassani

Hassani alipanda ngazi za ofisi ya wakili pale Makole akichechemea, kamwegemea mkewe Mishi, akiguna kila hatua.

Wakili Aneth, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, aliinuka kumpokea. "Shikamoo, mzee. Pole. Mguu umeumiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mguu mzima. Ni kidole."

Akanyoosha mkono wa kulia. Kidole gumba hakikuwepo. Mkanda wa mashine ya kukoboa mahindi ulikichukua mwezi wa tatu.

"Sasa mbona unachechemea?"

Hassani akamtazama mkewe. Mishi akatazama dari.

"Jirani yangu sokoni kasema bima hawamlipi mtu anayetembea vizuri."

Kumbe jirani huyo huyo ndiye aliyemjazia fomu ya madai: hawezi kusimama, hawezi kazi yoyote, analishwa kwa kijiko. Kampuni ya bima ikamtuma afisa wake kwenye soko la Majengo, naye akamkuta mgonjwa kabeba gunia la karanga begani, anamfokea mwenye guta la mizigo ampishe. Madai yakakataliwa.

Aneth akausoma mkataba taratibu, kisha akaweka kalamu kwenye kifungu kimoja. "Mzee, hapa wanasema ukipoteza kidole gumba, unalipwa fidia ya kidole gumba. Hata kama unacheza mpira."

"Miezi minne nachechemea bure!"

"Tena anasahau ni mguu upi," Mishi akadakia. "Asubuhi wa kulia, jioni wa kushoto."

Aneth alijikaza asicheke. "Tutaandika barua, tutafuta ule uongo na kuomba radhi, tudai kidole tu. Ukiulizwa, sema kweli. Usiongeze, usipunguze."

Wiki iliyofuata wakakaa wote watatu mbele ya Wilbert, yule yule afisa wa gunia la karanga.

"Unaweza kubeba gunia?" akauliza.

Jasho likamtoka Hassani. Kweli ilikuwa nzito kuliko karanga. Aneth akakohoa.

"Naweza," akasema. "Ila kulifunga siwezi. Wala vifungo vya shati. Kila asubuhi mama huyu ananivalisha kama mtoto wa chekechea."

Alisema hivyo macho yakiwa sakafuni. Hilo hakufundishwa na mtu. Mishi akaushika ule mkono wenye vidole vinne, akaufunika kwa mtandio.

Wilbert alikunja gumba lake kiganjani, akajaribu kufunga kamba ya faili. Ikamponyoka. Akajaribu tena, akaongeza na meno, faili likafunguka na karatasi za watu zikatapakaa chumba kizima.

"Lo!" akasema, akiwa amepiga magoti chini ya meza.

Baada ya siku kumi waliitwa kusaini makubaliano ya fidia. Hassani alisaini kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, kwa herufi kubwa zilizolala. Jina lake likavuka mstari, likamaliza nafasi ya shahidi, likaingia kwenye muhuri wa kampuni.

Ikabidi Wilbert akachape fomu nyingine.