Upande wa Nyama

Shemeji yangu aliingia karakanani saa tatu na nusu asubuhi, mkono wa kulia ameuficha mfukoni. Hakuwahi kukanyaga hapa tangu nifungue, miaka kumi na mmoja sasa, ingawa ukumbi anakofanyia mazoezi uko ng'ambo ya kichochoro, hatua thelathini na nne kutoka benchi langu. Nimezihesabu.

"Dada yako kanituma," alisema.

"Dada hajambo?"

"Hajambo. Nataka vyuma."

Kulitamka neno hilo kulimgharimu. Watu wanamwita Kucha, kwa sababu muda wote wa kazi yake amepiga banjo kwa kucha tupu, na kucha zile alizitunza kuliko alivyowahi kumtunza mtu yeyote nyumbani kwake. Hakuosha chombo. Hakufungua kopo. Dada yangu ndiye aliyemfungia vifungo vya shati siku za maonyesho.

Mimi nilikuwa mpiga banjo wa pili katika bendi anayopigia. Nilivaa vyuma vya kupigia nyuzi: viwili vya shaba, kimoja kidole cha shahada, kingine cha kati, na kimoja cha plastiki kwenye gumba. Miaka kumi na miwili iliyopita, katikati ya mazoezi, Kucha alimgeukia Kiongozi wa bendi na kumwuliza mbele ya wote, "Huyu shemeji yangu anapiga banjo au anasugua sufuria? Mwenye vyuma vidoleni akafungue karakana." Walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Jumatatu iliyofuata nilikuta kiti changu kimeshaondolewa. Basi nikafungua karakana. Ninatengeneza ala za nyuzi na kuuza vifaa vyake, na katika mji huu vyuma vya vidole havipatikani kwingine.

"Nione mkono," nilisema.

"Wa nini? Mimi mgonjwa?"

"Vyuma vina saizi, shemeji. Si kofia."

Alitoa mkono na kuuweka juu ya benchi kama mtu anayeweka kitu ambacho anajua kitaibiwa. Kucha zilikuwa zimekwisha. Dawa alizomeza kwa miezi sita zilimponya alichokuwa akiumwa, lakini kucha zilikuwa zinabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na ile ya shahada ilikuwa imepasuka hadi kwenye nyama. Dada alikuwa amekwisha kunieleza yote kwa simu. Kiongozi alimpa wiki tatu. Leo, saa nne kamili, angepiga peke yake ule wimbo wao wa kasi kuliko zote. Akishindwa, kiti chake kingechukuliwa na mwalimu wa muziki wa sekondari, ambaye tayari alikuwa amekwisha kupimiwa sare. "Mpe vinavyofaa," dada aliniambia. "Kile kiti ndicho kinachomfanya aishi humu ndani kama binadamu."

Katika hizo wiki tatu, Kucha alikuwa amesubiri mpaka ikabaki nusu saa.

Nilipima vidole kwa kipimo cha unene, nikaandika, nikatoa visanduku vitatu. Kila chuma ni kibati kidogo: chini kina mikono miwili inayokumbatia kidole, mbele kina ulimi uliopinda kidogo, na ulimi huo ndio unaogusa uzi.

"Wewe unapiga kwa nguvu," nilisema. "Vyembamba vitapinda. Chukua hivi vinene."

Aliinua kimoja kinene, akakigonga kwenye ukingo wa benchi, akasikiliza. "Sufuria," alisema. Akachukua vyembamba.

"Basi uvibane visizunguke kidoleni."

"Ili damu isipite?" Alichukua koleo langu bila kuomba, akaipanua mikono ya chuma mpaka kikawa kinacheza kidoleni kama pete ya kuazima.

Hapo niliinua kichwa. Mara mbili inaweza kuwa bahati tu. Nikamsogezea sanduku la vya gumba na kumwambia ukweli kama ulivyo: kwa mtu anayeanza, chenye ulimi mfupi ni rahisi kukitawala. Alivipekua kwa kidole. Alichagua kirefu kuliko vyote vilivyokuwamo.

Basi nilikuwa na vipimo vitatu, na vyote vilielekea upande mmoja. Lolote nitakalosema, atafanya kinyume chake. Alikuwa na hakika kwamba nimekaa miaka kumi na miwili nikingoja kumharibia, na alifikiri hivyo kwa sababu yeye angengoja.

Kisha akavivaa.

Mtu ambaye hajawahi kuvaa vyuma, na ambaye maisha yake yote amepiga kwa kucha, hufanya kosa moja. Huona chuma kimekuja kushika nafasi ya kucha, basi hukiweka pale kucha ilipokuwa: ulimi juu, ukiwa umefunika kucha, ukichomoza mbele kama ukucha wa mwewe. Lakini ulimi unakaa chini, upande wa nyama, kwenye tumbo la kidole. Ukiuweka juu, uzi huingia katikati ya chuma na kidole, na kidole kikivuta, chuma huchomoka. Kilichobanwa barabara huchukua muda kidogo. Kilichopanuliwa kwa koleo huruka mara moja.

Kucha alivivaa ulimi juu. Akautazama mkono wake, akaugeuzageuza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukalegea. Aliona kucha zake zimerudi.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Kama ningetaka avae sawasawa, ningemwambia avae hivyohivyo alivyovaa. Ningesema tu, "Safi, shemeji, umepatia," naye angevigeuza kabla sijamaliza. Ungekuwa uongo wa maneno matatu.

Mimi sisemi uongo.

"Umegeuza," nilisema. "Ulimi unakaa upande wa nyama, si juu ya kucha." Nikatabasamu. Sikuwa nimemtabasamia tangu siku ile ya sufuria, na yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Aliutazama mdomo wangu. "Unataka niende mbele ya watu na mabati chini ya vidole kama mtoto aliyejivisha vifuniko vya soda."

"Banjo lile pale ukutani. Jaribu."

"Nipige hapa, wewe unisikilize? Hujanipata." Aliweka pesa kwenye benchi. "Una roho mbaya tangu unaitwa binti mdogo wa nyumba ile. Dada yako haamini, ila mimi naiona."

"Upande wa nyama," nilirudia.

"Endelea kucheka," alisema, akatoka na mkono wake umenyooka mbele, vidole vimetengana, kama mwanamke aliyetoka kupakwa rangi ya kucha.

Nilifungua dirisha la upande wa kichochoro. Ukumbi ulikuwa wazi pia kwa sababu ya joto. Nilisikia viti vikivutwa, nikasikia Kiongozi akisema, "Haya, mzee, tuanze," kisha banjo. Zilitoka noti nne. Ya tano haikutoka. Badala yake nilisikia kitu chepesi kikigonga sakafu ya mbao, kikidunda, kikibingirika. Mtu alicheka, akajizuia. Kucha akaanza upya. Safari hii zilitoka noti mbili.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilikuwa na gitaa la kubadilishia daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi.

Dada alikuja saa sita. Hakukaa. Alifungua leso juu ya benchi: cha gumba, na chuma kimoja tu. Kingine kilikuwa kimedumbukia kati ya mbao za sakafu.

"Mwalimu kachukua kiti," alisema. "Kaanza leoleo."

"Nilimwambia namna ya kuvaa. Mara mbili."

"Najua. Kanieleza. Kasema ulitabasamu."

Nilikiokota kile chuma kwenye leso.

"Mdogo wangu, wewe si mjinga. Ulishamwona anavyofanya kinyume. Kwa nini hukumwambia kinyume?"

"Ungekuwa uongo."

"Ndiyo," alisema. "Ungekuwa uongo."

Alinyoosha kidole cha shahada. "Nionyeshe." Nilikibana chuma kwa koleo kikatosha, nikamvisha, ulimi upande wa nyama. Alikikunja kidole na kukikunjua, akavuta uzi mmoja wa banjo lililoning'inia ukutani. Ulilia vizuri.

"Kumbe ni hivi tu."

"Ni hivi tu."

Alikivua, akakirudisha juu ya benchi, akakunja leso yake mara nne. "Jumapili usije nyumbani," alisema. "Wala ile nyingine."

Alipokwisha kutoka nilikichukua kile chuma, nikakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Ulimi ulikuwa umepinda zaidi ya ulivyotoka kisandukuni, kama nilivyomwambia.