Chakula Chini ya Kawa

Mjukuu wangu Odilia aliteuliwa kuwa mganga mfawidhi mwaka 1994, katika kituo cha afya cha kijiji kimoja upande wa Mngeta ambacho sitakitaja jina. Kabla ya kukabidhiwa kazi aliitwa Ifakara pamoja na watumishi wengine wa afya wa bonde zima, wakafundishwa uongozi. Nilijivuna, wala sioni haya kulisema. Nilikuwa mwalimu mkuu hadi nilipostaafu, na katika ukoo wetu hakuna aliyepata kukabidhiwa dhamana ya serikali angali kijana kama yeye.

Mafunzo yalipokwisha alipita kwangu Kisawasawa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Wamewafundisha nini?”

“Mengi. Kupanga kazi, kuendesha kikao, kumsikiliza mtu mpaka amalize.”

“Hilo la mwisho marehemu bibi yako alilijua bila kufika Ifakara.”

Alicheka. Kisha akanieleza neno la mkufunzi mmoja lililomkaa moyoni: mambo yakienda vema, kiongozi aseme “wao”; yakiharibika, aseme “mimi”. Nilimwambia kuwa hiyo ni kauli ya kuandikwa ubaoni.

Kituoni alikokwenda hakuwa mgeni. Alikuwa tabibu hapohapo kabla ya kupanda cheo, na kila mchana watumishi walikula pamoja barazani, juu ya mkeka, sinia moja la wali na kambale. Muuguzi Brigitha, ambaye alikaa naye nyumba moja, alikuwa na desturi ya kumnyang'anya kichwa cha samaki. “Kichwa huongeza akili,” alizoea kusema, “na tabibu anazo za kumtosha. Sisi wengine tuhurumieni!”

Siku ya kwanza baada ya mafunzo, mpishi Klementina alimletea Odilia chakula ofisini, sahani peke yake, juu yake kawa jipya la ukindu.

“Mama Klementina, mbona hivi? Nitakula na wenzangu.”

“Mkubwa hachanganyi mkono na watu, mwanangu. Watu watasema hatuna adabu.”

Odilia akaibeba sahani mpaka barazani. Wote wakasimama, mmoja akakimbilia kiti, na mzaha ukakatika kama uzi. Brigitha peke yake ndiye aliyemshika mkono akamkalisha mkekani. “Kaeni chini, nyie! Huyu ni Odi wangu, hata akiwa waziri.” Tangu hapo Odilia aliendelea kula mkekani, na kwa hakika alikula pale kwa sababu ya mtu mmoja tu.

Masika ikaingia. Katika bonde letu, mvua zikianza, familia huhama kijijini zikaenda kukaa mashambani, katika vibanda vya kuinuliwa viitwavyo madungu, ili kulinda mpunga. Kumpata mama na mtoto wake wakati huo ni kazi. Hivyo Odilia aliwapelekea ujumbe akina mama waje siku moja iliyotajwa, watoto wachanjwe surua. Siku iliyotangulia alikuwa kikaoni Ifakara, na jokofu la chanjo aliliacha mikononi mwa Brigitha.

Alirudi asubuhi, akalifungua jokofu ahesabu vichupa. Harufu ilimpiga usoni. Juu ya rafu palikuwa pamegandamana gamba la samaki.

“Brigitha, nini hiki?”

Brigitha akaufunga mlango wa chumba kwanza. “Baba mkwe alileta samaki wa kumalizia matanga. Ningemwambia mzee arudi nao wamwozee njiani? Mkwe hakataliwi, Odi, unajua.”

“Na chanjo uliiweka wapi?”

“Katika beseni la maji ya mtungi. Maji ya mtungi ni baridi! Ni usiku mmoja tu, alfajiri nikairudisha.”

“Wewe ni muuguzi. Unajua kuwa imekufa.”

“Itazame. Imebadilika nini?”

“Haibadiliki. Ndiyo hatari yake.”

“Basi wachanje. Haitamdhuru mtoto.”

“Sindano haitamdhuru. Surua itamdhuru, na mama yake akiwa shambani akiamini kuwa amekingwa.”

Brigitha akashusha sauti. “Tupo wawili tu humu ndani. Nani atajua?”

Odilia aliniambia baadaye kwamba wakati ule aliitazama ile mikono iliyomkalisha mkekani, akajua kuwa akitoka nje na kusema kweli haitamkalisha tena. Alitoka.

Akina mama walijaa uani, kanga zimelowa, watoto migongoni. “Chanjo imeharibika,” akasema. “Kosa ni langu. Mimi ndiye mwenye kituo.”

Mama mmoja aitwaye Sada akasimama. “Tumepiga kasia tangu giza, mpunga tumewaachia ndege, ndipo unatuambia turudi?”

“Ifakara kumbe walimfundisha kuomba radhi!” mwingine akadakia, na ua mzima ukacheka.

Odilia aliwaahidi kuwa chanjo nyingine itawafuata hukohuko, na akatimiza. Alikwenda kuichukua Ifakara mwenyewe, akaingia mtumbwini na boksi la barafu, akapita dungu hadi dungu.

Lakini wilayani walimwuliza chanjo iliharibikaje. Alisema ukweli wote, kwa kuwa jokofu lilikuwa bado katika mikono ileile. Brigitha hakufukuzwa, aliondolewa tu katika kazi ya chanjo. Jioni ile alikuwa akifunga virago ahame nyumba.

“Kwa akina mama ulisema ‘mimi’,” alimwambia Odilia. “Wilayani ukasema ‘Brigitha’. Ndivyo mlivyofundishwa?”

“Uani nililinda jina lako. Wilayani nililinda watoto.”

“Na mimi nani alinilinda?”

Kesho yake mchana Odilia alifika barazani. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Brigitha. Alikwenda ndani, akatoka na kiti, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake, akakiweka mbali na mkeka. “Karibu, mheshimiwa.”

Odilia alishukuru, akarudi ofisini.

Haya yote alinisimulia alipokuja kwangu mavuno yalipokwisha. Alikuwa amekonda. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikasema, “Hukukosea.”

“Najua, babu. Ningekuwa nimekosea ningekwenda kumwomba msamaha, yakaisha.”

Rosa, mke wa mwanangu aliye baba mdogo wa Odilia, akaandaa chakula. Alikuwa akila na wanawe jikoni, na vicheko vyao vilitufikia. Mezani petu aliweka sahani mbili, moja upande wangu na nyingine upande wa pili kabisa, kila moja na kawa lake. Odilia aliliangalia lile kawa.

“Hata hapa nyumbani,” akasema.

“Amekuheshimu.”

“Babu, ulipokuwa mwalimu mkuu, nao walinyamaza ulipoingia?”

“Walinyamaza.”

“Iliisha lini?”

Nilimtazama. Ni mjukuu wangu, na jibu la kumfurahisha nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mtu aliyewarudisha akina mama na mitumbwi yao hapaswi kudanganywa.

“Haijaisha,” nilisema.

Akatikisa kichwa taratibu, akafunua chakula chake. Nami nikafunua changu. Tulikula kimya, na jikoni wakaendelea kucheka.