Matundu ya Haniwa

Mke wangu alizikwa Jumanne, na wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana, nilikwenda maktaba kusoma makala yangu kama ilivyopangwa. Watu walinisifu kwa kujikaza. Sikujikaza. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: anajua jino limeng'olewa, lakini hasikii kitu.

Nilikuwa karani wa zamu katika kiwanda cha mabomba ya udongo. Nilisoma shule ya jioni hadi nikapata cheti cha sekondari nikiwa na miaka thelathini na minane, na cheti hicho kimetundikwa sebuleni. Nilipostaafu niliazima kitabu cha historia ya kale ya Japani, kwa kuwa ndicho pekee rafuni ambacho hakuna aliyewahi kukiazima. Huu ni mwaka wa kumi na mbili na bado nasoma. Wenzangu wa chama cha wapenda historia hapo maktaba huniita Balozi, ingawa nchi yenyewe sijaikanyaga.

Makala ilihusu haniwa, vyombo vya udongo ambavyo Wajapani wa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita walivipanga juu ya makaburi ya watawala wao. Wengi hupenda vile vyenye umbo la farasi na askari. Mimi napenda vya mwanzo, ambavyo ni mabomba matupu yenye matundu ubavuni, moja huku na moja huku. Ya nini? Wataalamu hawajaafikiana. Niliandika hivi: "Baada ya utafiti wa muda mrefu, nina maoni kwamba matundu haya yalikuwa ya kushikia."

Utafiti wenyewe ulikuwa huu. Mwaka ule wa kwanza nilimwonyesha mke wangu picha. Yeye alifanya kazi banda la kukaushia, kiwanda kilekile, akibeba mabomba mabichi. Alikuwa anaosha vyombo. Akaitupia jicho, akasema hayo ni ya mikono, udongo mbichi ukiukumbatia kwa nje unabonyea. Nikamcheka. Nikamweleza kwamba ni njia za roho. Akasema sawa, basi hizo roho ndizo zibebe, akaendelea na sufuria yake. Miaka kumi baadaye, katika makala hii, niliandika maneno yake kwa mwandiko wangu. Nilikuwa na desturi ya kumsomea makala zangu zote. Ukurasa ule niliuruka.

Tulikuwa watu kumi na wanne, na binti yangu amekaa nyuma. Nilipomaliza, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alinyanyua fomu ya jarida la makumbusho na kutangaza kwamba makala itapelekwa huko. Ndipo fundi mwashi, mtani wangu wa siku zote, akauliza.

"Balozi, hilo la kushikia umelijuaje? Wewe tunakujua, kitu kizito ulichowahi kubeba ni kalamu."

Wakacheka. Binti yangu hakucheka. Siku ile ya sufuria alikuwa bado anaishi kwetu, na alikuwa anafuta sahani kando ya mama yake. Sasa alikuwa anaangalia sakafu.

"Sikulijua mimi," nikasema. "Ni la mke wangu. Nilimwibia."

Mwalimu alivua miwani. Akasema kwa upole kwamba wote wanaelewa, na kwamba chini ya makala tutaweka mstari wa kumkumbuka marehemu. Watu wakapiga makofi ya taratibu. Nikarudia. Akanishika bega, akasema huzuni ndiyo inayonisemesha. Ningekuwa na huzuni ningemkatalia kwa sauti. Sikuwa nayo.

"Mwalimu, nilikuwepo," binti yangu akasema. "Baba alimcheka."

Makofi yakaisha. Nikavuta ile fomu. Penye jina la mwandishi niliandika majina matatu ya mke wangu. Penye elimu niliandika darasa la tatu, kwa mwandiko wangu wa ukarani, bila haraka. Langu nililiweka chini kabisa, penye jina la aliyenakili. Mwalimu alinong'ona kwamba hivyo wataikataa. Nikamwambia waikatae.

Niliketi nikangoja kidogo nione kama kitakuja kitu, aibu au nafuu. Hakikuja. Mtu alinipa chai, nikanywa.

Fundi mwashi alisogeza kiti chake karibu. Hakuwa anatania tena. Alitaka kujua mama alikuwa anabeba mabomba mangapi kwa siku.

Miaka yote ile mimi ndiye niliyeandika saa yake ya kuingia na saa yake ya kutoka. Nikasema sijui. Nikamgeukia binti yangu, naye hakujua.