Kombe la Mbuzi Kichwa Chini

Shirika lilipouzwa na Gaspari kupunguzwa kazi, kiinua mgongo chake chote kilikwenda kwenye kompyuta kuukuu. Mkewe, Aurelia, aliitazama wiki nzima, kisha akasema mumewe kanunua televisheni isiyoonyesha mpira.

Ndiyo maana Bwana Swalehe, muuza redio aliyetokea Nalasi, alipomletea matokeo ya Kombe la Mbuzi alilolidhamini, Gaspari aliyapokea kama mtu anayepokea komunyo. Swalehe alimwambia wazi: msimamo ukitoka sawasawa kabla ya alasiri, kazi zote za duka zitakuja kwake Mjimwema, ukikosewa, yeye anarudi kwa dada wa taipureta.

Ukatoka kichwa chini. Waburuza mkia walikaa kileleni, vinara wakaburuza mkia. Gaspari akaiandikia mashine programu ya kuugeuza: wa kwanza abadilishane na wa mwisho, wa pili na anayemtangulia wa mwisho, hivyo hivyo mpaka orodha iishe. Akachapa. Kichwa chini vilevile.

Manahodha wa timu zote nne walikuwa wamekwisha kujazana mlangoni wakidai nakala. Tadei wa Maposeni, ambaye timu yake haikushinda hata mechi moja, aliisoma karatasi kwa unyenyekevu mkubwa na kusema kompyuta haina ndugu wala jamaa, isibishiwe.

Jasho likimtoka, Gaspari akawapanga ukutani kama karatasi ilivyosema, Tadei mbele, Makarius wa vinara nyuma kabisa, ili awafanyie wao kile mashine inachoifanyia orodha. Wa kwanza na wa nne wakabadilishana. Wa pili na wa tatu wakabadilishana. Akaendelea: wa tatu na wa pili. Wakapishana tena, wakinung'unika. Wa nne na wa kwanza. Tadei alikuwa keshaanza safari, lakini Makarius akajibanza ukutani.

"Nimetoka huko sasa hivi, kaka. Unanirudisha kufanya nini?"

Gaspari akahesabu upya zamu zote kwa vidole. Kumbe muda wote alikuwa anageuza, halafu anageuza alichokwisha kugeuza. Akairukia mashine, akaiamuru iishie katikati. Karatasi ikatoka, Makarius juu, Tadei chini.

Swalehe alipoifuata akaisoma, akamshukuru Mola, akamwuliza Gaspari ataanza lini kazi za duka. Manahodha wakatoka kwenda kumtazama mbuzi wa zawadi. Tadei pekee alibaki, akaegemea meza, sauti chini.

"Fundi, ile programu ya kwanza usiifute. Msimu ujao upo."